Ndoto Niliyoiongezea Maneno

Akoth mwanangu,

Sabato imefungwa, baba yako amelala na redio kifuani kama kawaida yake, na wewe nakusikia chumba cha pili ukifunga sanduku na kulifungua tena. Mimi niko jikoni. Nimeona nikuandikie, maana nikikuambia kwa mdomo nitaanza kuhubiri, unanijua, na nikianza kuhubiri wewe hujifanya unatafuta kitu kabatini.

Habari za kuchemsha maji, za mtandio, za kutotembea jioni, za kupiga simu kila ukibadilisha gari, hizo baba yako amezimaliza. Amezisema hadi nikakuhurumia. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na nimelizunguka tangu mwaka jana kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ni ile ndoto. Lakini siwezi kuifikia ndoto bila kupitia kwa Dani yako, mama wa baba yako, kwa hiyo vumilia. Safari ya Wajir ni ndefu, na basi halina kazi nyingine ya kukupa.

Unajua nilivyoingia katika boma hili. Mimi binti wa Kikuria kutoka kule karibu na mpaka, nikiuza chai na chapati Awendo, na baba yako Mjaluo anayeendesha trekta la miwa, mtu wa kula chapati tano na kusifu ya sita. Yeye hakujua Kikuria, mimi Kijaluo sikukijua hata cha kuombea maji. Kiswahili ndicho kilichotuoa, na ndiyo sababu wewe umekua ukiota kwa Kiswahili. Aliponileta huku Rangwe kwa mama yake, nilikuwa nimebatizwa juzi tu, bado nina maji masikioni, na nilikuwa na uhakika kwamba nimetumwa kuliokoa boma zima.

Dani alikuwa Mkatoliki wa misheni tangu utotoni. Rozari shingoni, ugoro ndani ya kitambaa, na sukari kwenye chai hadi kijiko kisimame. Mimi kwa macho yangu ya wakati ule nilimwona mtu wa giza. Na lililonikera kuliko yote ni ile desturi ya kupanda. Wewe umeizoea, lakini fikiria mgeni anayeikuta. Mvua ikija, hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya mama wa boma. Yeye kwanza, kisha mke wa mwana mkubwa, kisha anayemfuata, hadi wa mwisho. Ukiruka zamu, watu wanasema umeita chira, ule ugonjwa wa kukonda ambao hospitali haina jina lake. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikasema moyoni, mtoto wa Mungu hawezi kupangiwa foleni ya mahindi.

Mwaka wangu wa pili mvua ilikuja vizuri. Udongo ukalainika, majirani wakaanza, na Dani hakutoka na jembe. Siku zikapita. Mama Ochieng, mke wa shemeji yangu mkubwa, alikuwa anasimama mlangoni kwake akitazama nyumba ya Dani, anarudi ndani. Hakuna aliyesema neno. Jioni moja nikaamua kumwuliza Mungu. Nilivyomwuliza ni hivi: nikafumba macho, nikafungua Biblia, nikaweka kidole. Kikaangukia ukoo wa watu ambao majina yao siwezi kuyatamka. Nikafumba tena. Kikaangukia habari za mafuta ya mwanakondoo wa kafara. Nikaendelea tu kufumba na kufungua, hadi mwishowe kidole kikatua kwa mpanzi aliyetoka kwenda kupanda mbegu zake. Nikapiga magoti nikashukuru. Bwana amesema. Zile kurasa nyingine sikujiuliza ni nani alikuwa akisema.

Asubuhi nikapita mbele ya mlango wa Dani na jembe begani, nikapanda.

Sasa unangoja niseme kwamba mahindi yalikauka. Ningefurahi kama yangekauka, ningejifunza mapema. Yalistawi. Yalikuwa meusi kwa afya, hata wapita njia walisimama kuyatazama. Nikatoa ushuhuda kanisani, watu wakasema amina. Wale wengine walingoja hadi Dani alipotoka, na kumbe alitoka kwa kujikokota, amekaa juu ya gunia, anachimba shimo, anasogeza gunia, anachimba lingine. Walipomaliza wote kufuatana, mvua ilikuwa imekatika. Mahindi ya Mama Ochieng yalifika magotini yakageuka manjano. Mwaka ule wote alikuwa akienda kulima miwa ya watu ili watoto wale. Nilimpa debe moja la mahindi yangu, na nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijiona mtakatifu kweli.

Baada ya mavuno nikampelekea Dani kikapu. Hakukigusa. Alizungumza nami kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, maana nilikuwa bado sijui lugha yake.

"Nyar Kuria, kaa chini." Hivyo ndivyo alivyoniita hadi anakufa, binti wa Wakuria. "Ile siku wewe unapanda, uliona mimi nimepanda?"

"Hapana, Mama."

"Uliuliza mtu kwa nini?"

Nikatazama kikapu changu.

"Nyonga yangu ilikuwa imekufa. Kusimama siwezi. Nilikuwa nalala hapo, naona miguu yako inapita kwa mlango. Nikasema, huyu ataingia. Huyu ni mtu ya maombi."

"Mungu aliniambia nipande, Mama."

"Iko sawa. Mimi sikatai." Akafungua kitambaa chake, akavuta ugoro kidogo. "Lakini hiyo Mungu yako, haikukuambia mimi ni mgonjwa? Ama ilisahau?"

Akoth, hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningemjibu, nilikuwa na aya za kumjibu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikachukua kikapu changu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Nyumba yangu na yake zilikuwa karibu kiasi kwamba akikohoa usiku namsikia. Na nilikuwa nimemsikia. Siku zote zile nilimsikia akiugulia usiku, nikavuta blanketi nikaendelea kuomba Mungu aseme nami.

Simtakasi Dani, asije akaonekana malaika. Alijua wenzake wanangoja, akanyamaza kwa kiburi na kwa kuogopa kwamba watampeleka hospitali ya Homa Bay akakatwe mguu. Baadaye alimwomba Mama Ochieng msamaha, na kwa mtu wa aina yake hilo lilikuwa kubwa kuliko kupanda mlima. Lakini swali lake lilibaki nami. Limebaki hadi leo.

Nikaanza kumpelekea chai asubuhi. Mwanzoni ilikuwa adhabu niliyojipa, kisha nikazoea. Nilikuwa namkuta ameketi kwenye kigoda ndani ya mlango, rozari mkononi, lakini vidole havitembei na midomo haitembei. Siku moja nikamwuliza anaomba nini.

"Siombi. Kuomba nimemaliza. Sasa nimenyamaza, nione kama ana neno."

"Na kama hana?"

"Basi tumekaa tu."

Nilicheka, nikafikiri ni uzee. Sisi kwetu maombi yalikuwa kazi ya kutoa jasho. Lakini nikaketi naye, kwa sababu chai yenyewe ilikuwa ya moto na alikuwa anaichukua polepole. Nikaketi kesho yake pia. Nisikudanganye, nilichokisikia kwa muda mrefu ni mimi mwenyewe. Mimi nina sauti kubwa, Akoth, hata ndani. Nilipanga bei za chapati pale, niligombana na watu ambao hawakuwepo. Sauti yangu ikichoka, inakuja hofu, na hofu yangu inaijua Biblia kuliko mchungaji. Inanukuu. Inatoa sura na aya. Ilinichukua miaka kuitambua, na bado hunipata.

Hiyo nayo ikipita, mara nyingi hakuna kitu. Kuku, mlio wa lori la miwa huko barabarani, basi. Lakini mara moja moja ananijia mtu. Sura yake tu, bila maneno yoyote. Jirani ambaye sijamwona sokoni. Mama Ochieng. Wewe, ulipokuwa bwenini na hujaandika. Sina hakika hata leo kama huyo ni Mungu au ni kumbukumbu zangu zinajipanga. Ninachojua ni kwamba nikiinuka nikaenda kwa mtu huyo, ni mara chache nimejutia. Kuna siku nilimkimbilia mama mmoja huko Kisegi, karibu nusu siku barabarani, nimeshika moyo, nikamkuta anakaanga samaki hana shida yoyote duniani. Tukala. Hata hiyo sijutii.

Dani alipokufa nilimlilia kuliko watoto wake. Watu walishangaa Mkuria anavyolia Kijaluo.

Sasa ndoto.

Mwaka jana barua yako ilipofika, kwamba umepangiwa kufundisha Wajir, ulikuja mbio kutoka barabarani ukiimba. Nilitabasamu. Usiku nikalala chali hadi alfajiri. Tumesikia mambo redioni kuhusu walimu wa kutoka huku wanaoshambuliwa kule, na mimi nilikuwa nayasikia yote kwa mara moja. Usiku wa pili nikaota. Nilikuona unatembea mchangani, peku, umenipa mgongo. Basi. Ndoto yote ni hiyo. Hukuanguka, hukulia, hakuna mtu aliyekufuata. Hakuna aliyesema neno.

Sabato iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama wa maombi, na wewe umeketi benchi la nyuma, nikasema Bwana amenionyesha binti yangu jangwani, na sauti ikaniambia, asiende.

Hakukuwa na sauti, Akoth. Niliiongeza mimi. Nisingeweza kusema "naogopa", kwa sababu mama akisema anaogopa, mtoto humkumbatia kisha huenda. Lakini akisema Bwana amesema, nani atabishana? Nilijua ninachofanya. Nilijua nikiwa bado nimesimama, kabla hawajasema amina. Na mimi ndiye yule aliyekaa mlangoni kwa Dani miaka yote hiyo.

Hukubishana. Uliikunja barua ukaiweka chini ya nguo, ukaenda kufundisha chekechea Awendo kwa mshahara ambao haukutosha hata viatu. Ukawa unakuja nyumbani kila Ijumaa, unaosha vyombo bila kuimba. Nilijiambia utazoea. Nilikuwa na mtoto wangu mezani, mzima, nikamshukuru Mungu kwa jambo ambalo nilikuwa nimelifanya mwenyewe.

Kisha kuna ile jioni tulipokuwa tunapukuchua mahindi, nikakuambia uombee jambo fulani, silikumbuki tena, ukajibu bila kuinua macho: "Niombe nini, Mama? Mimi Mungu huwa haongei na mimi. Huwa anakuambia wewe."

Ulilisema kwa upole, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi nikaendelea kupukuchua. Lakini ndani nilihisi kama mtu aliyegonga mtoto kwa gari akirudi nyuma. Nilidhani nimekunyima kazi. Kumbe nilikuwa nimekunyima kitu ambacho siwezi kukurudishia. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiongea na Mungu ukiteka maji, kwa sauti, unamweleza hata habari za mbuzi. Nikasimama kati yenu nikasema, pitieni kwangu.

Nisamehe. Nalisema waziwazi hapa kwa sababu kesho mbele ya watu nitakuwa nashughulika na mifuko.

Ulipopewa nafasi ya pili, shule ileile, uliniuliza swali moja: "Mama, Mungu amesema nini safari hii?" Sikuweza kujibu. Wewe ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Ilikuwa mara ya kwanza umeniuliza na mimi nimekataa kuongeza.

Lakini mwanadamu ni mgumu. Nilipoacha kusema uongo kwa watu, nikaanza kupatana na Mungu kama mchuuzi. Umeona mvua imenyesha na mimi sijapanda. Unajua sasa, tangu wakubwa wahamie maboma yao, mimi ndiye mama wa boma. Chira siiogopi, wala Lilian, mke wa kaka yako, haiogopi, lakini yeye na mwenzake bado hunisubiri kwa heshima, na mimi nimeiacha heshima hiyo kwa sababu ni nzuri ikitumiwa vizuri. Nilimwambia Mungu, sitii mbegu ardhini hadi uniambie Akoth atakuwa salama. Niambie tu neno hilo moja. Kila asubuhi nimeketi mlangoni na chai, nikingoja. Kimya. Wakaza wanangu wananichungulia, nawaambia mbegu bado hazijakauka. Mbegu zimekauka tangu Krismasi.

Jana Ijumaa, kabla jua halijatua, Lilian akaja. Hakuja na jembe. Alikuja mikono mitupu, akasimama pale mlangoni, unamjua alivyo na haya, akainama kidogo.

"Mama, tumeona hujapanda. Kuna mahali panauma?"

Nikaketi. Miaka yote hii, Akoth, na swali lile mimi sikulitoa. Msichana huyu hakufungua Biblia mara nyingi mpaka apate ukurasa anaoutaka. Aliona shamba tupu akaja kuuliza. Nikamwambia ndiyo, panauma. Nikamwambia naogopa kuhusu wewe, kwamba siwezi kukuzuia na siwezi kukuachia. Lilian hakuniambia usiogope. Aliketi sakafuni karibu na miguu yangu akakaa tu, hadi giza likaingia na Sabato ikatukuta hivyo, sufuria haijaoshwa.

Sitakuambia kwamba Mungu alisema kwa mdomo wa Lilian. Nimeacha kumwekea maneno. Lakini nilisikia, na kwa muda mrefu sikuwa nimesikia kitu.

Kwa hiyo hili ndilo jibu la swali lako, limechelewa. Mungu hajaniambia chochote kuhusu Wajir. Hajasema utakuwa salama, hajasema hutakuwa. Naogopa bado, hivi ninavyoandika. Huko uendako utaketi mahali ambapo adhana yao na saa zao za sala si zetu, watu wazuri, najua, na utakuwa peke yako jioni. Keti. Utasikia sauti yangu kwanza, pole sana, nimeipanda humo kwa bidii. Iache ichoke. Itachoka tu, hata mimi huchoka. Usitafute kusikia kitu kikubwa. Akikujia akilini mtoto wa darasani ambaye hakuja shuleni, amka uende kwao ukaulize. Na siku ambazo hakuna neno, mmekaa tu.

Na ukisikia jambo, usiniulize kama ni kweli. Niambie tu, nifurahi.

Barua hii naiweka juu ya sanduku lako. Wewe huamka kabla ya jogoo, utaisoma ukingoja gari la kwenda Homa Bay. Kesho ni Jumapili. Dani angenikemea kwa kushika jembe siku ya Bwana wake, na mimi ningemwambia ya kwangu ilikuwa jana, tungecheka. Usije jikoni kuniaga. Nikikukumbatia nitasema maneno, na maneno yangu umeyabeba ya kutosha.

Nitakuwa nyuma ya jiko na mbegu ndani ya leso. Mvua itakavyokuwa sijui, hakuna aliyeniambia. Lakini katika boma hili hakuna anayeweza kwenda mama akiwa hajaanza. Ukisikia jembe, basi nimeanza. Beba sanduku lako, mwanangu, uende.

Mama yako,
Boke